Nilivyosafisha Pango la Watu

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua keki ananiuliza pangoni kulikuwaje, na kila mmoja namsimulia kipande tofauti, kwa sababu vipande vingine vinanitia aibu. Matokeo yake Upendo anaamini nilikutana na chatu, na Zubeda anaamini nilikamatwa na serikali. Chatu hakuwepo. Serikali ilikuwepo kidogo, lakini ilikuwa ni mimi. Nimeona bora niandike yote mara moja, kwa mfuatano, ili mkicheka mcheke kitu kimoja.

Mnanijua nilivyo. Keki ikiwa na kiputo kimoja upande wa nyuma, upande unaogusana na ukuta, mimi usingizi unakatika. Na kila ninachokijua nimejifunza mwenyewe kwenye simu: keki, Kiingereza, hata kuogelea, ingawa hilo la mwisho sijalijaribu kwenye maji. Kwa hiyo nilipokubali kwenda na mwongoza watalii kwenye pango takatifu huko kichakani Mkalama, nilijiandaa. Shida ni kwamba kuhusu pango hilo mtandaoni hakuna kitu. Yaliyojaa ni mapango ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, yaliyoko ndani ya misitu minene. Nikayatazama hayo, wiki nzima. Nikajua kwamba mto unavukwa na viatu miguuni, kwamba ukuta hauguswi, na kwamba ukikuta takataka unatoka nazo, kwa sababu mgeni mwema huacha mahali pakiwa pasafi kuliko alivyopakuta. Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliirudia hata nikiwa napiga mswaki.

Singida Mjini hadi Kiomboi, kwa ajili ya godoro

Tulikuwa wanne. Yona, kijana wa huko huko Mkalama, ndiye mwongozaji. Mzee Kirit mnamjua, yule wa duka la mabati na misumari karibu na soko. Babu yake ndiye aliyelifungua, na yeye anakiongea Kinyaturu vizuri kuliko mimi ambaye baba yangu ni Mnyaturu. Wa nne ni Salumu, dereva.

Kabla gari halijawashwa Yona alitugawia vizibao vya reflekta, vile vya rangi ya machungwa vinavyovaliwa na mafundi wa barabara. Alisema ni kwa usalama. Mzee Kirit alikikunja chake akakikalia. Mimi nilikivaa, nikafunga zipu mpaka shingoni.

Tulipopita ziwa Singidani Yona akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Jamani, niwe mkweli. Nyinyi ni wageni wa kwanza. Wazee wa ukoo wamenipa safari moja ya kujaribu. Pango linatunzwa na Bibi Msengi. Akisema wageni wana adabu, njia inabaki wazi na mimi nina kazi. Akisema hawana, inafungwa, na mimi narudi kuchunga mbuzi za mjomba."

"Mbuzi si kazi mbaya," Mzee Kirit akasema.

"Mzee, hujawaona mbuzi wenyewe."

Yona alituangalia wote, lakini mimi nilihisi ananiangalia mimi.

Njia fupi ya kwenda Nduguti haipiti Kiomboi. Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa nimeisoma ramani, na nikalisema. Salumu akajibu kwa upole kwamba kule juu ya gari kuna godoro la mama mkwe wake, na mama mkwe anakaa Kiomboi.

"Tunalishusha tu, dada. Hata injini sizimi."

Nani ameshusha godoro ukweni bila kuzima injini? Salumu alipiga magoti mbali kabisa na mlango, akasalimia akiangalia chini, akaambiwa asubiri chini ya paa la jiko, na sisi tukakaribishwa ndani. Kuku alikuwa bado anatembea. Tulimwona akipita, tukamwona akikimbizwa, na baada ya muda mrefu tukamwona tena akiwa na ugali wa mtama na mlenda. Salumu aliletewa chakula chake kule kule nje, kwa sababu mkwe hali mbele ya mama mkwe.

Mama mwenyewe alikuwa ananikagua. Mwishoni akamuuliza Yona, kana kwamba mimi sipo, "Huyu binti aliyekaa kwenye gari la mkwe wangu ni nani?"

"Ni mtalii, mama."

"Mtalii. Ametoka wapi?"

"Singida Mjini."

"Singida Mjini hii hii?" Akanihurumia. "Amepotea?"

Nilianza kumweleza umuhimu wa utalii wa ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea mlenda, kisha akatoka kwenda kumuuliza Salumu swali lile lile upya. Salumu aliporudi kwenye gari alikuwa na jasho. Nikahamishiwa kiti cha nyuma kabisa.

Nduguti, ambako nilikuwa mtaalamu wa maji

Nduguti ina ofisi mpya za wilaya, zinang'aa katikati ya mashamba ya alizeti. Tulisimama Salumu apige upepo tairi, nikashuka kunyoosha miguu nikiwa na kizibao changu. Mzee mmoja mwenye baiskeli akaja moja kwa moja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mmechelewa, lakini mmefika. Njoo nikuonyeshe."

Nilimfuata, kwa sababu mtu mzima akikuambia njoo unakwenda. Alinionyesha mahali palipochimbwa mtaro, bomba linapotokea, na nyumba ya jirani ambayo bomba lilipindishwa makusudi ili lipite kwake. Watu wakaongezeka. Mama mmoja akaniambia nisisikilize upande mmoja tu. Nilijaribu kueleza kwamba mimi natengeneza keki. Wakacheka kwa heshima, kama watu wanavyocheka kiongozi anapotania, kisha wakaendelea kunieleza kuhusu presha ya maji.

Kitu ninachopaswa kukiri hapa ni kwamba baadaye kidogo niliacha kukataa. Nilianza kutikisa kichwa. Niliuliza, "Na hili valvu lilifungwa lini?" Sijui neno hilo lilitoka wapi. Yona alipokuja kunichukua, watu wawili walikuwa wamenipa namba zao za simu na mmoja alikuwa ananishukuru.

"Dada Tumaini," Yona akasema garini, "hicho kizibao unaweza kukivua."

"Ni kwa usalama," nikamjibu.

Kichakani

Gari liliishia kwenye mbuga, tukaanza kutembea. Msitu nilioutarajia, wenye kamba za miti na matone ya maji, haukuwepo. Kilichokuwepo ni kichaka cha miiba kilichokauka, na mawe makubwa yamebebana kama mtu aliyapanga akaitwa chakula kabla hajamaliza.

"Huu ndio mto," Yona akasema.

Ulikuwa mchanga mtupu. Nilikuwa nimevaa soksi juu ya soksi, na viatu vya mpira vya kuingilia majini. Niliuvuka mto ule na viatu miguuni, kama nilivyojifunza. Mzee Kirit, aliyevaa makubadhi ya dukani kwake, alifika ng'ambo kabla yangu akanisubiri akila karanga.

Boma la Bibi Msengi liko chini ya mawe yenyewe. Tulimkuta anapepeta uwele, mwanamke mfupi mwenye sweta la kiume na simu imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Tulimwamkia mmoja mmoja, naye akaitikia mmoja mmoja, bila kukatisha ungo. Kisha akasema masharti: viatu vivuliwe, waliomo waamkiwe kabla ya kuingia, na tukitoka tusiongee mpaka tufike kwake. Yeye hatapanda, goti lilikuwa linamsumbua.

Hakusema tusifagie. Nadhani tangu pango liwepo hakuna aliyefikiri kwamba hilo linahitaji kusemwa.

Ndani

Mlangoni Mzee Kirit alikuwa ameshavua makubadhi kabla Yona hajafungua mdomo. Anasema hekaluni kwao ni vivyo hivyo. Mimi kamba za viatu nilizifunga fundo mara mbili, kwa hiyo walinisubiri. Halafu Yona akaniambia niamkie, kwa kuwa mimi ndiye mdogo kuliko wote.

"Shikamooni," nikasema kwa sauti.

Pango likanirudishia: shikamooni.

Nikaganda. Wazee wa miaka mingi wananiamkia mimi. Nikijibu marahaba ni utovu wa adabu, nisipojibu pia ni utovu wa adabu. Nikaamkia tena, kwa unyenyekevu zaidi, nikaamkiwa tena, kwa unyenyekevu zaidi. Sijui tungeishia wapi kama Yona asingenivuta mkono.

Ndani ni kama chumba kikubwa chenye dari inayoshuka. Yona akawasha tochi akaielekeza juu na kuanza kueleza kitu kuhusu michoro. Mimi macho yangu yalikuwa yameshafika chini. Jamani, pale chini palikuwa pachafu. Chupa ya plastiki yenye mashapo ya pombe ya mtama. Kipande cha kitenge. Tai ya shule. Kamba ya katani iliyochakaa. Kulikuwa hata na karatasi ya tangazo la safari yetu, lile lile alilotugawia Yona mjini, limekunjwa vizuri. Nikasema moyoni, tazama, watalii waliotangulia hawana haya. Kwamba sisi ndio tulikuwa watalii wa kwanza, hilo halikunijia.

Wao wakatazama juu. Mimi nikatoa mfuko nikaanza kuokota. Niliokota taratibu, bila kelele, nikijisikia mtu mwema kuliko nilivyojisikia kwa muda mrefu. Katikati palikuwa na jivu lenye mabonde na alama za vidole vya watu. Nikalisawazisha kwa kiganja, kama ninavyosawazisha krimu, mpaka likawa laini kabisa. Nilijivunia lile jivu.

Tulishuka kimya, kama tulivyoagizwa. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nimebeba nini.

Uwanjani kwa Bibi Msengi

"Bibi," nikasema, nikimkabidhi mfuko kwa mikono miwili, "nimewasafishia."

Bibi alitazama ndani ya mfuko. Yona naye akatazama, na uso wake ukawa wa mtu anayewaona mbuzi wa mjomba wakija.

"Umewasafishia," Bibi akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Yona."

"Naam, Bibi."

"Huyu umemtoa wapi?"

"Mjini, Bibi."

Akaweka ungo chini. Akaniambia, polepole kama anamwambia mtoto, kwamba kila kitu kilichomo mfukoni ni shida ya mtu. Mtu anakuja na shida yake, anaiacha na kitu chake, anaondoka mwepesi. Sasa mimi nimezitoa zote nimezichanganya kwenye mfuko mmoja. Anayeweza kurudisha kitu ni aliyekiweka, mwingine akikiweka kinakuwa kimetupwa tu.

"Jua likizama hivi viko huku nje, njia naifunga," akamwambia Yona. "Sina ugomvi na wewe. Lakini nitawaambia nini watu wangu?"

Nililia. Sitaki kulificha hilo. Mzee Kirit alinipa leso na karanga.

Bibi alipiga simu, na watu wakaanza kuja kutoka kijijini, wengi kuliko walioitwa. Vitu vilikuwa vimetandazwa kwenye jamvi. Kila mtu alivitazama, na kila mtu akaanza kutazama milima. Walikuwa wamesimama pamoja watu wanaokaa benchi moja Jumapili na watu wanaopanga safu moja Ijumaa. Nani angejitokeza mchana kweupe? Na nikasikia mnong'ono nyuma yangu: "Ni wa wilayani. Wanakusanya, halafu wanaandika majina."

"Vua hilo," Bibi akaniambia.

Nikavua kizibao. Hakuna aliyejitokeza. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye koti na kalamu mfukoni, akasafisha koo.

"Bibi, kwa niaba ya wote niseme tu kwamba haya mambo sisi tuliyaacha zamani."

Wote wakaafiki. Zamani sana.

"Sawa," Bibi akasema. "Na hii tai ni ya mwaka huu."

Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea kwenye mawe. Bibi akanigeukia.

"Basi utajaribu wewe uliyevitoa. Lakini harudishi mtu kimya kimya. Unakishika, unawaambia waliomo kiliombewa nini."

"Mimi sijui viliombewa nini, Bibi."

"Kisia. Watasikia hivyo hivyo utakavyosema."

Nikachukua ile kamba, nikageukia pango.

"Aliyeweka hii," nikasema, "anaomba apate mume."

"Mume?" Ilikuwa sauti nene. Jitu la miraba minne, lenye ndevu, likapenya katikati ya watu. "Ni ndama. Ndama wangu kapotea. Bibi, litengue hilo haraka, kabla hawajalishika."

Watu wakaangua kicheko, yeye akaninyang'anya kamba. Nikaiokota tai.

"Huyu anaomba mtoto wake afaulu darasa la saba."

"Alishafaulu," mama mmoja akadakia. "Nilikuja kushukuru. Usinirudishie mtoto darasani, mwache aende."

Nikashika kitenge. Nilikuwa nimeanza kupata ujasiri, na hilo kwangu huwa ni jambo la hatari.

"Huyu anaomba mapacha."

"Mapacha?" Mwanamke wa makamo, mwenye mvi zimechungulia kwenye kilemba, akaja mbio akaniwahi mkono. "Kwa umri huu? Unataka kuniua? Niliomba mgongo."

Mzee wa kanisa aligeuka polepole. "Mama Eliya. Na wewe?"

"Na wewe usinitazame hivyo. Ile chupa unadhani siijui? Kizibo chake nimekitafuta jikoni kwetu mwezi mzima."

Mzee wa kanisa alirekebisha kalamu yake. "Niliomba mvua," akasema. "Mvua ni ya wote." Akaichukua chupa yake.

Baada ya hapo sikuhitaji kumaliza sentensi. Nikigusa kitu tu, mwenyewe anatokea kabla sijamwombea balaa. Walipanda kwenye pango mmoja mmoja, wakashuka na jivu vidoleni, wakaanza kukaa kwenye mawe na kuulizana habari za migongo na ndama kwa sauti ya kawaida.

Ikabaki karatasi ya tangazo. Hakuna aliyeisogelea. Mawe yalikuwa yameshakuwa mekundu. Nikaishika, nikafungua mdomo.

"Acha," Yona akasema. "Ni yangu."

Bibi akamwangalia. "Uliomba nini?"

"Wageni."

"Wamekuja?"

"Wamekuja, Bibi."

Bibi akanitazama kutoka kwenye soksi zangu mbili mpaka machozi yangu. "Siku nyingine," akamwambia, "uwe unataja na tabia."

Yona alipanda, akarudi. Nikadhani imekwisha, lakini Bibi akaniuliza, "Umeshika za watu wote. Ya kwako iko wapi?"

"Naomba njia ya Yona isifungwe."

"Hilo usiwasumbue nalo. Hilo ni langu."

Akaokota ungo wake akaendelea kupepeta. Alipepeta mpaka uwele ukaisha. Hakuna aliyethubutu kuondoka, na Yona alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mwishoni Bibi akafuta mikono kwenye sweta.

"Tangu nikabidhiwe hili pango sijacheka hivi," akasema. "Yona, walete wengine. Mifuko wataiacha kwangu. Na mikono waifunge nyuma."

Kurudi

Tulirudi kwa njia fupi. Salumu alisema Kiomboi hapiti tena mpaka mama mkwe atulie.

Njiani Mzee Kirit aliniuliza kama nilimwona yule twiga.

"Twiga gani?"

"Wa kwenye dari. Mwekundu, shingo yake inafuata ufa wa jiwe. Na wale watu wembamba wanaomzunguka. Hukutazama juu?"

Sikutazama juu. Kwa hiyo mnaoniuliza pangoni kuna nini, nendeni dukani kwake, atawaeleza akiwapimia misumari. Mimi naweza kuwaeleza sakafu.

Simu ya Yona iliita tulipokaribia lami. Ni kikundi cha walimu, wanataka kwenda pangoni. Sauti yake ilikuwa imejaa. Alianza kuwapa masharti, mikono nyuma, mifuko nje, na nikasikia akiwaambia sababu.

"Alikuja dada mmoja wa mjini, fundi wa keki. Akatoa vitu vya watu gunia zima—"

"Siyo gunia," nikasema kutoka nyuma. "Ni mfuko."

"Samahani, mfuko. Basi akashika chupa ya mzee mmoja, akamwombea mapacha—"

"Mapacha ni kitenge. Chupa ni mvua."

Salumu alilazimika kusimamisha gari acheke. Yona akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia, akasema nikitaka isimuliwe sawasawa niisimulie mwenyewe.